Mtihani wa Firigisi

Kazi yangu ni kuwafelisha watu. Barua ya ajira inasema natahini madereva, lakini waulize waliowahi kushika usukani mimi nikiwa kiti cha pembeni, watakwambia ukweli. Sina roho mbaya, nina macho tu. Mtu akisahau kuangalia kioo, namwona. Mguu ukimtetemeka kwenye klachi, nauona. Tukimaliza namwambia, "Rudi ukajizoeze," halafu nashuka, na mara nyingi nasikia mlango ukibamizwa nyuma yangu.

Kaka yangu mkubwa ni mmoja wao. Yeye ni fundi wa kupaka rangi majumba, na ukoo mzima tunamwita Rangi, hata mkewe. Nilimfelisha, akarudi, nikamfelisha tena, kisha akaenda kwa mtahini mwingine mwenye moyo laini. Tangu hapo ananiita Afande, na usidhani ni kwa heshima. Ndiyo maana nilishangaa alipotafuta mtu wa kumtahini mama yetu mzazi, akaja kwangu.

Mama anaishi peke yake kwenye nyumba tuliyokulia, tangu baba alipofariki. Vyumba vitatu, ukumbi mwembamba, na jiko lenye bomba ambalo lazima ulifungue kwa kitambaa kwa sababu koki yake inakata vidole. Dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jirani, ambao Rangi amekuwa akiapa kuupaka tangu aanze kazi. Mwaka huu mama alianza kusahausahau. Birika aliliacha motoni mpaka kitako kikatoboka. Miwani yake ilipatikana ndani ya friji, kwenye droo ya mboga, imelala na nyanya. Siku ya kuzaliwa ya Rangi alimpigia simu asubuhi kumpongeza, na mchana akampigia tena kumpongeza, kwa maneno yale yale na wimbo ule ule. Rangi alipokea simu zote mbili na akaitikia kama kawaida. Baada ya ile ya pili alinipigia mimi, nikamsikia akivuta kamasi.

Basi akaandaa chumba nyumbani kwake. Alikipaka mwenyewe rangi ya kijani kibichi hafifu, ile ya kwenye korido za hospitali, akasema inatuliza akili. Na kila akienda kumwona mama, kabla hata hajavua viatu, alimuuliza, "Mama, leo ni siku gani?" Aliuliza polepole, kwa ile sauti tunayowatolea watoto na polisi. Mama alijibu sawasawa kila mara, na kila mara alizidi kununa.

Siku moja akachoka. Tulikuwa sebuleni kwake, yeye, mimi, Rangi na mke wa Rangi, chai imepoa mezani. Rangi alikuwa ameanza tena habari za chumba, jinsi dirisha lake lilivyo kubwa. Mama akaweka kikombe chini.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Sikukuu inakuja. Kila sikukuu mnajaa hapa, mnakula kuku wangu wa kuoka na mchuzi wangu wa firigisi, mnafuta sahani kwa mkate, kisha mnalala kwenye makochi yangu midomo wazi. Si ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Mwaka huu nitaupika huo mchuzi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kunishika mkono. Ukitoka vizuri, hicho chumba chako nisikisikie tena. Ukiharibika, nafunga mizigo yangu usiku huo huo, na hutanisikia nikilalamika."

Rangi alinitazama, mimi nikamtazama mke wake, mke wake akatazama sukari.

Lazima nieleze, maana kuna watu wanadhani mchuzi ni mchuzi. Huo wa mama hauchezewi. Unachemshwa taratibu kwa firigisi, mioyo na shingo za kuku mpaka maji yageuke supu ya rangi ya dhahabu. Maini yanawekwa kando, kwa sababu ukiyachemsha pamoja na vingine supu inakuwa chungu. Kuku akitoka kwenye oveni, mafuta yaliyobaki kwenye sinia yanakaangwa na unga wa ngano, na hapo ukigeuka tu kujibu salamu, unga umeungua. Kisha supu inamiminwa kidogo kidogo huku unakoroga, la sivyo unakula mabonge. Mtu aliyesahau birika mpaka likatoboka angewezaje kufika mwisho wa safari hiyo? Mama alikuwa amejichagulia mtihani wa kupanda mlima kinyumenyume.

"Lazima mtu awepo jikoni," Rangi akasema. "Asisaidie, asiguse kitu, asiseme hata neno. Aangalie tu, halafu atuambie ukweli." Akanigeukia. "Afande."

"Haya," mama akasema. "Afande aje."

"Na ukifungua mdomo tu," kaka akaniambia, "mtihani umeharibika."

"Unanifundisha kazi?" nikamuuliza.

Nilijifanya mkavu, lakini usiku ule sikulala vizuri. Mimi huwa sijali nani anafaulu. Safari hii nilitaka mtu afaulu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilijijua kwamba nikiona kosa, sitaweza kusema sikuliona. Wifi yangu naye alinipigia simu kwa kunong'ona. Yeye ni mshonaji, na alikuwa amekitamani kile chumba miaka yote kwa ajili ya cherehani yake, ambayo inakaa kwenye kona ya chumba cha kulala, kati ya kabati na mume anayekoroma. Hakuweza kumwambia mtu, maana angeonekana anamkimbia mkwewe. "Wifi," akasema, "huo mchuzi utoke. Mimi nampenda mama, Mungu ananiona, lakini nampenda akiwa kwake."

Asubuhi ya sikukuu tulianza dukani kwa muuza kuku, mimi na mama tu, kwa sababu mama alisema mtihani unaanzia gari linapowashwa. Alichagua kuku mkubwa, akambonyeza kifua, akamgeuza, akamkataa, akamchukua mwingine. Kisha akaomba vya ndani zaidi, firigisi na shingo na mioyo na maini, kwa sababu vya kuku mmoja havitoshi mchuzi wa nyumba nzima.

"Mama, leo tena?" muuza kuku akasema huku akifungua jokofu. "Zile nyingine zimeisha?"

"Wewe fungasha," mama akamwambia.

Nilidhani ni utani wa muuzaji na mteja wake wa siku nyingi, nikabeba mfuko tukaondoka.

Jikoni nikakalia stuli iliyo karibu na mlango, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Mama akajifunga aproni, akavaa miwani yake, akasema, "Mtahini yuko tayari?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Hata tabasamu umekatazwa?"

Akaanza. Alipasua firigisi moja moja, akaibandua ile ngozi ya njano ya ndani, akaisugua kwa chumvi na kuisuuza. Alipofika kwenye maini roho yangu ikapanda juu, kwa sababu ini moja lilikuja na nyongo yake, na nyongo ikipasuka umeharibu kila kitu. Aliishika kwa vidole viwili, akapitisha kisu pembeni, ikatoka nzima kama ilivyo. Nimeona vijana wakiegesha gari kwenye nafasi ya lori kwa uangalifu mdogo kuliko huo. Maini akayafunika kwa sahani, akayaweka kando. Vingine vikaingia kwenye sufuria kubwa, pamoja na kitunguu kilichokatwa katikati, karoti na punje za pilipili manga. Alipopunguza moto nilihesabu hiyo kuwa alama nzuri.

Kisha akafungua kabati, akasimama.

Alisimama mkono ukiwa juu ya mlango wa kabati, akitazama ndani, na hakuchukua kitu. Akalifunga. Akalifungua tena. "Nimefuata nini hapa?" akaliuliza kabati kwa sauti ya chini. Nilijua alichofuata. Chumvi ilikuwa palepale, kwenye rafu ya kati, nyuma ya majani ya chai. Ulimi ulinisimama mdomoni, nikauma meno. Kila mtu husahau alichofuata kabatini, nikajiambia, hata mimi. Lakini sijawahi kumwambia hivyo mtu yeyote akiwa ndani ya gari. Mama akaanza kuimba kidogo kidogo, akarudi kwenye sufuria, akaichungulia, akaonja kwa kijiko, na uso wake ukafunguka. "Chumvi," akasema, akaenda kuichukua.

Niligundua nilikuwa nimeikunja ncha ya gauni langu mpaka imekuwa kamba.

Rangi alikuwa hatulii. Alikuja kuchukua glasi ya maji, akaondoka. Akaja kurudisha glasi. Akaja kuuliza kama kuna mtu ameona funguo zake, na funguo alikuwa nazo mkononi. Kila akiingia aliinua kifuniko cha sufuria, na kila akiinua, mama alimpiga mkono kwa mwiko, taratibu, bila hata kumtazama. Kuku alikuwa kwenye oveni akianza kunukia nyumba nzima. Watoto wa Rangi walikuwa ukumbini wakigombania nani atakaa karibu na bibi.

Wakati wa kuchuja supu ukafika. Mama aliweka bakuli kubwa juu ya meza, akaweka chujio juu ya bakuli, akazima moto, akachukua vitambaa viwili vya kushikia. Sufuria ilikuwa nzito, imejaa mpaka karibu na mdomo. Akaishika masikio, akavuta pumzi. Hapo Rangi akaingia tena.

"Mama, utaungua. Lete hapa."

"Niache, naweza."

"Mama, tafadhali, hilo ni jambo la nguvu, si la mapishi. Kubeba si kupika." Akanigeukia. "Kubeba si kupika, au siyo, Afande?"

Nilikuwa nimekatazwa kusema. Nikamtazama tu.

Sasa, ili uelewe kilichotokea, ujue kwamba kaka yangu tangu utotoni alikuwa na kazi moja tu jikoni. Alikuwa mrefu kuliko sisi wote na haogopi mvuke, kwa hiyo mama alimpa kazi ya kumwaga maji ya viazi. Chujio kwenye sinki, sufuria juu yake, geuza uso pembeni, mwaga, tikisa, rudisha viazi mezani. Hiyo tu. Aliifanya kila sikukuu mpaka akaoa, na aliifanya vizuri, na ndiyo elimu yote ya jikoni aliyonayo.

Akachukua sufuria na vitambaa kutoka mikononi mwa mama, akaiegemeza ukingoni mwa meza. Mkono wake mmoja ukanyakua chujio kutoka juu ya bakuli. Nikaona macho yake yakienda kwenye sinki.

Nilifungua mdomo. Halafu nikakumbuka sheria, na sheria ilikuwa yake, na katika ule muda wa mimi kukumbuka, Rangi akageuza uso pembeni na kumwaga. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa sababu ya kazi au kwa sababu ya ukaidi. Najua tu kwamba mvuke ulijaa jikoni, na sinki lilikunywa supu yote kwa mlio mrefu wa koo lenye kiu, na mwishoni likacheua.

Rangi alitikisa chujio vizuri kama alivyofundishwa. Akageuka, akatuonyesha firigisi na shingo zimelala pale, kavu. Alikuwa anatabasamu.

"Haya mama. Tayari."

Mama alitazama chujio. Akatazama bakuli juu ya meza, tupu, linang'aa.

"Na supu?" akauliza.

"Supu gani?"

Niliona jibu likimfikia mwenyewe, polepole, kutoka machoni kwenda mashavuni. Alitazama sinki. Kisha, na hili nitamkumbusha mpaka siku anazikwa, aliinama akafungua kabati la chini ya sinki, akalichungulia bomba, akaligusa kwa kidole.

Wifi aliingia kuchukua sahani. Aliona chujio, akaona bakuli, akamwona mumewe amepiga magoti mbele ya bomba, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Cherehani yangu," akasema, akakaa chini kwenye kreti la soda.

"Cherehani gani?" Rangi akauliza kutoka chini.

"Hakuna. Endelea."

Rangi akasimama, magoti yamelowa. Nilidhani atajitetea, maana namfahamu; aliponigongea nguzo ya majaribio alisema nguzo ilikuwa imekaa vibaya. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, nisamehe. Tuseme mtihani umeharibika. Tutaufanya siku nyingine."

"Nani kasema umeharibika?" mama akasema. "Afande, umeharibika?"

Nikamwonyesha kidole kaka yangu. Mama akasema, "Mruhusu mwenzio aongee." Rangi akatikisa kichwa kukubali.

"Mtahiniwa bado yuko barabarani," nikasema, na sauti ilitoka imekwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. "Ni abiria ndiye aliyevuta usukani."

Mama akafuta mikono kwenye aproni, akatoka kwenda ukumbini kwenye friza. Tulimsikia akiifungua. Kisha hatukusikia kitu. Nikanyanyuka kwenye stuli nikachungulia. Alikuwa ameinama, mlango wa friza wazi, ubaridi unamfuka usoni, anatazama ndani kwa muda mrefu, kama alivyotazama lile kabati la chumvi. Akachukua kopo la aiskrimu. Akalirudisha. Akachukua jingine, akaliinua kwenye mwanga, akafunga mlango.

Watoto walipoona kopo la aiskrimu walimfuata jikoni wote kwa mstari. Mama akaliweka mezani, akang'oa kifuniko. Ndani hamkuwa na aiskrimu. Kulikuwa na supu ya firigisi iliyoganda, rangi ya dhahabu, imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Watoto wakatoka kwa mstari ule ule.

"Niliweka akiba," mama akasema.

Rangi alibaki mdomo wazi. "Ulijuaje?"

"Nimekuzaa mimi," mama akasema, akawasha moto.

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Rangi naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemkumbuka muuza kuku na jokofu lake. Leo tena? Zile nyingine zimeisha? Na pale pale nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Hakuweka akiba yoyote. Alikuwa ameshaipika ile supu, akasahau, akaenda kununua vya ndani upya. Ule muda wote mbele ya friza alikuwa anashangaa kopo limetoka wapi. Usahaulifu wake ndio uliomwokoa, na kati ya watu wote waliokuwa ndani ya nyumba ile, ni mimi tu niliyekuwa na macho ya kuliona hilo.

Nikarudi kwenye stuli yangu. Miaka yote hiyo sijawahi kumwachia mtu hata kioo. Nikamtazama mama akiyeyusha ile supu, mgongo wake mwembamba, mafundo ya aproni yamelegea, na nikaamua kwamba sikuona kitu.

Yaliyobaki aliyafanya bila kuteleza. Kuku alitoka ngozi ikitoa mlio. Mama akamimina mafuta ya sinia kwenye kikaango, akarushia unga, akakoroga bila kuinua macho mpaka ukafika rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Rangi alimwita kutoka mlangoni kumuuliza kama anahitaji msaada, na mama hakugeuka. Supu ikaingia kijiko kwa kijiko. Firigisi na mioyo akavikatakata vidogo, nyama ya shingo akainyofoa kwa vidole, maini akayakaanga haraka mwishoni. Bonge halikuonekana hata moja. Alipomimina ule mchuzi kwenye jagi kubwa, ulishuka mzito na laini, na mimi nilitaka kulia, nikajisingizia kitunguu.

Mezani hakuna aliyeongea mpaka sahani zilipofutwa kwa mkate. Rangi aliongeza mchuzi, akaongeza tena, halafu akaweka uma chini na kusafisha koo.

"Afande," akasema. "Tuambie."

Wote wakanitazama. Mama peke yake alikuwa anatazama mtungi wa maji.

"Amefaulu," nikasema.

Wifi alinipiga teke la shukrani chini ya meza, likampata mtoto. Rangi akainama, akambusu mama mkono, akasema chumba hakitatajwa tena. Mama akampapasa kichwa. Kisha akamtazama kwa macho ya huruma sana.

"Mwanangu," akamwambia polepole, "leo ni siku gani?"

"Leo? Leo Jumatano."

Ilikuwa Alhamisi. Wifi akaficha uso kwenye kitambaa cha mezani.

"Si kitu," mama akasema. "Hata mimi hunitokea. Lakini nina wasiwasi na wewe. Mtu anamwaga supu kwenye sinki, anaitafuta kwenye bomba, siku hazijui. Kile chumba chako cha zamani bado kipo. Nitakipaka rangi. Unapenda kijani?"

Wiki iliyofuata nikahamia kwa mama. Nilimwambia paa la nyumba ninayopanga linavuja na mwenye nyumba ameita fundi. Hakuniuliza lolote, alinipa chumba cha Rangi na shuka safi. Nilijipangia kumwangalia kimyakimya, niwe naficha vibiriti, nizime majiko nyuma yake, nimwambie siku kabla hajaulizwa. Nilimwonea huruma mpaka nikaanza kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe niliyozaliwa.

Kisha nikaenda kutafuta barafu. Nikafungua friza, na pale chini, nyuma ya mkate, nikaona makopo ya aiskrimu, yamepangwa moja juu ya jingine mpaka juu. Nikafungua la kwanza, supu. La pili, supu. Kopo moja lilikuwa jeusi na lilinuka moshi. Nilipiga magoti pale ukumbini, vidole vimeganda, nikijua kwamba hali ni mbaya kuliko nilivyofikiria, na kwamba nilimfaulisha mtu ambaye hakupaswa kuwa barabarani.

"Funga mlango huo, umeme unaisha," mama akasema nyuma yangu.

"Mama," nikasema. "Umepika supu hii mara ngapi?"

"Sijahesabu. Kila siku, tangu tuwekeane yale masharti." Akaniinamia, akachukua lile kopo jeusi. "Hili ni la kwanza. Niliacha moto. Hili la chini nilitia chumvi mara mbili. Siku ya sikukuu nilikaribia kuwapa hilo, mpaka nikaliangalia vizuri kwenye mwanga. La chumvi huganda vibaya."

"Nilidhani ulikuwa umesahau kwamba ulishaipika."

Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Nasahau, mwanangu," akasema. "Mnadhani mimi sijui? Nasahau ndiyo, na niliogopa sana. Kwa hiyo nikajizoeza. Si ndicho unachowaambia watu wako?"

Nilifunga friza, nikabaki pale sakafuni, na machozi yalinitoka bila kitunguu cha kusingizia. Mama alinisubiri nimalize. Kisha akanipa mkono nisimame, akanipeleka jikoni, akalitia kopo la chumvi mara mbili kwenye sufuria na maji mengi na viazi, maana viazi hunywa chumvi, akasema chakula hakitupwi.

"Hilo paa lako," akasema akiwa amenipa mgongo, "linatengenezwa mpaka lini?"

"Fundi hajasema, mama."

"Mwambie asiwe na haraka," akasema, akanikabidhi mwiko nikoroge.